Volti Zilizopotea Ijumaa Huko Manga

Ninyi vijana mnaoweka simu mezani na kuiuliza ukinzani wa koili, sina ugomvi nanyi. Simu inajibu upesi kuliko nilivyojibu mimi hata nilipokuwa na meno yangu yote. Ninalotaka kuwaambia, kabla usingizi wa mchana haujanichukua, maana siku hizi unanichukua nimekaa kitini na kikombe mkononi, ni kwamba simu haijui leo ni siku gani. Nimewahi kuona hesabu iliyokuwa kweli Jumatano ikawa uongo Ijumaa, na hakuna tarakimu hata moja niliyokuwa nimekosea.

Naitwa Nyaboke. Nilianza kazi ya stima katika kiwanda cha chai upande wa Nyamira, kisha nikafungua kibanda changu Suneka, na humo nikazeekea. Wengi waliniita Mama Fundi, hata wazee walionizidi umri. Mwanzoni jina hilo liliniudhi. Baadaye nikalizoea, na sasa likikosekana siku nzima najihisi kama sijaamka.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Onchiri, fundi mkuu wa kiwanda, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Siku moja nilikuwa nimekwama kwenye mambo ya volti na ampea, nayakariri bila kuyaelewa. Akanishika mkono, akanipeleka mlangoni. Nje kulikuwa na mvua nyepesi, na wachuma chai walikuwa wakiteremka mlima na vikapu mgongoni, mmoja baada ya mwingine, katika njia iliyojaa matope.

"Msichana wangu, unaona huo mlima? Hiyo ndiyo volti. Ukiwa mkali, unasukuma watu. Sasa hesabu wale wanapita hapa kwa wakati mmoja. Hao ndio ampea. Na haya matope yanawazuia?"

"Ni omu," nikasema.

"Sasa umeamka. Ukijua mlima, na ukijua watu, gawa mlima kwa watu, utajua matope ni kiasi gani. Huhitaji kwenda kuyakanyaga."

"Na wati?"

Akakohoa kwanza. "Wati ni kishindo wanafika nacho huku chini. Mlima mara watu. Hakuna kingine."

Tangu siku hiyo sijawahi kuangalia njia ya mlimani nikaona njia tu. Hata sasa, nikikaa barazani ukungu ukishuka juu ya mikaratusi na watu wakitokea ndani yake kidogo kidogo, nakuta moyo wangu unagawa na kuzidisha wenyewe. Wajukuu husema nina usingizi. Mimi niko kazini.

Pale Suneka kulikuwa na muuza chipsi aliyeitwa Omwenga, mcheshi, mbishi kupita kiasi. Jiko lake lilikuwa la koili iliyo wazi, nalo lilikuwa na omu arobaini na nane. Kwa volti mia mbili na arobaini linavuta ampea tano. Zidisha, ni wati elfu moja na mia mbili. Koili ilipokatika, Omwenga alizisokota ncha mbili pamoja akaendelea na kazi. Ikakatika tena, akakata kipande kilichoungua, akasokota. Mwishowe akaja kwangu analalamika kwamba viazi vinaungua nje na ndani ni vibichi.

"Omwenga, umepunguza koili, umeongeza moto," nikamwambia.

"Mama Fundi, wacha mzaha. Kuni kidogo, moto kidogo. Hata mtoto anajua."

Nikapima. Omu zilikuwa zimebaki arobaini. Matope yamepungua, watu wanapita wengi: ampea sita badala ya tano, wati elfu moja na mia nne arobaini. Nikamwandikia kwa chaki ukutani. Akaitazama hesabu, akanitazama mimi, akasema koili yake haijasoma. Baada ya muda mfupi soketi ikayeyuka, akanijia na kipande cha plastiki nyeusi amekifunga kwenye gazeti kama maiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Omwenga kweli alijenga, maana ule wa mbao nyuma ya jiko ulikuwa umebabuka wote. Koili ikikatika, nunua mpya. Hilo ni la bure, lichukueni.

La pili la bure: mkitumia ile mita ya kubana waya kupima ampea, baneni waya mmoja peke yake. Mkibana nyaya zote mbili, ule unaokwenda na ule unaorudi zinafutana, mita inasoma sifuri, nanyi mnajitangazia kwamba hakuna stima. Nimemwona mtu mzima akisoma sifuri ile na kunyoosha kidole. Nywele zake hazikulala mpaka jioni.

Lakini nilitaka kuwapeleka Manga.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kabla sijaweka koleo chini, msimu wa mvua. Nilipigiwa simu na muuguzi wa zahanati ndogo juu kwenye mgongo wa milima ile. Jina lake Sista Atieno, mwenyeji wa kando ya ziwa, mrefu, mwenye sauti ya kutuliza hata akiwa na hasira. Aliniambia chumba chake cha joto kinapoa. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na mtoto njiti, mvulana, mdogo kiasi kwamba soksi ya mtu mzima ilimtosha kama gauni. Mama yake, Bosibori, alikuwa amepoteza damu nyingi na bado alikuwa akitetemeka kwa homa, hawezi kumbeba kwa muda mrefu. Bibi wa mtoto ndiye aliyekuwa akimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini bibi naye ni mfupa na shuka. Kuwateremsha Kisii haikuwezekana kwa sababu mlima ulikuwa umeporomoka ukaifunika barabara, na hakuna mtu mwenye akili angempakia mtoto yule kwenye bodaboda, mvua ikinyesha.

Nikapanda Jumatano, sehemu kwa pikipiki, sehemu kwa miguu yangu mwenyewe. Hita ilikuwa ya zamani, kibandiko chake kimefutika, hakuna aliyejua ni ya wati ngapi. Si neno. Nikapima kwenye soketi hita ikiwa inawaka, maana volti ya soketi isiyobeba kitu ni ahadi tu. Mia mbili na arobaini. Nikabana waya mmoja: ampea nne. Gawa, omu sitini. Zidisha, wati mia tisa na sitini. Kwa chumba kile kidogo chenye dari ya mbao, zinatosha kabisa. Nikakaza skrubu za soketi, nikafuta vumbi, nikamwambia Sista kila kitu kiko sawa.

Akanitazama bila kupepesa. "Mama Fundi, mashine yako inasema iko sawa. Mtoto anasema haiko sawa."

"Lini anasema hivyo?"

"Ijumaa. Ijumaa iliyopita jioni alikuwa baridi mikono, baridi miguu, akaacha kunyonya. Na kabla yake kuna mtoto mwingine, Ijumaa pia, ilikuwa hivyo hivyo. Usiku ukiingia, chumba inapata joto tena, mimi naonekana kama mtu anaota."

Kusema kweli niliona kama ananisumbua. Waya hauna kalenda, nikajisemea. Lakini yule mwanamke hakuwa mtu wa kuota, na mtoto alikuwa pale, amelala kwenye kifua cha bibi yake akipumua haraka haraka. Nikamwahidi nitarudi Ijumaa.

Ijumaa nilifika mchana, nikachomeka mita, nikavuta stuli karibu na hita. Bibi wa mtoto alikuwa kitandani amemkumbatia mjukuu ndani ya blanketi, Bosibori amelala pembeni yao. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha. Sijui kama mmewahi kukaa Manga katika ukungu wa namna ile. Nyumba jirani hupotea, kisha migomba, kisha ua, mpaka unabaki wewe na sauti. Nilisikia kwaya ikifanya mazoezi katika kanisa la Wasabato upande wa pili wa ua, nikasikia ng'ombe, nikasikia ndoo. Hita ilikuwa ikiunguruma taratibu, na mimi nilikuwa nikielea kati ya macho na usingizi.

Kilichonizindua ni harufu. Harufu ya nguo zenye unyevu zikikutana na pasi ya moto. Ilikuwa ikija kutoka kila upande, kana kwamba mlima wote ulikuwa chumba kimoja cha kupigia pasi. Nikatazama mita: mia mbili na kumi. Nikadhani macho. Nikaifuta kwa kanga. Mia mbili. Balbu ya juu, ya zile za zamani za waya, ikaanza kuwa manjano.

"Magokoro," nikamwita bibi kwa Kigusii, "hii taa huwa inafanya hivi?"

Akatabasamu bila meno. "Ee. Ni kawaida yake. Taa ikiiva kama ndizi, tunajua Sabato imekaribia."

"Na mnafanya nini ikiiva?"

"Yule hajapiga pasi anakimbia kupiga."

Nikamwangalia mama huyu mzuri, nikataka kucheka, nikataka kulia. Mimi ni Mkatoliki, nguo zangu za kanisa nazipiga pasi Jumamosi nikisikiliza redio. Nilikuwa nimefanya kazi miaka yote hiyo kati ya majirani Wasabato na sikuwahi kuitia Sabato yao kwenye hesabu. Jua likitua Ijumaa, pasi imekwisha, jiko limekwisha, kazi zote zimekwisha. Kwa hiyo kila nyumba ya mlima ule, alasiri ileile, ilichomeka pasi, birika na sufuria ya stima. Pasi moja ni ampea tano. Zidisheni wenyewe kwa nyumba za Manga. Transfoma iliwekwa zamani, nyumba zikiwa chache, na nyaya zilikuwa ndefu na nyembamba. Nyaya nazo zina omu zake. Watu wakijazana njiani, sehemu ya mlima inaliwa na njia yenyewe kabla haijafika kwako. Volti zikapungua, taa zikaiva. Watu wakaona taa zimeiva, wakachomeka pasi zaidi. Pasi zilikuwa vuguvugu, kwa hiyo wakazikandamiza juu ya nguo muda mrefu zaidi. Na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kwao ile ilikuwa dalili ya jioni takatifu, kama jogoo alivyo dalili ya alfajiri.

Mita ikasimama kwenye mia moja na themanini. Nikabana waya: ampea tatu. Omu za hita ni zilezile sitini, hazikubadilika. Lakini zidisheni sasa. Mia moja na themanini mara tatu ni mia tano na arobaini. Hapa ndipo nataka mfungue macho, vijana wangu. Volti zilikuwa zimepungua robo tu. Joto lilikuwa limepungua karibu nusu. Mlima ukipungua, watu nao wanapungua, na kishindo kinapata hasara mara mbili. Mtu akiwaambia volti zimeshuka kidogo tu, mwulizeni amezidisha au ameangalia tu.

Sista Atieno aliingia, akamgusa mtoto mguuni. Alipeleka kidole kwenye midomo ya mtoto. Midomo haikukifuata.

"Ameanza," akasema.

Akaleta chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo. Mtu mmoja nje akajitolea kuleta jiko la makaa, na Sista akamfokea kwa upole kwamba hewa ya makaa kwenye chumba kilichofungwa inaua haraka kuliko baridi. Hita ya pili haikuwepo. Jua bado lilikuwa juu mahali fulani nyuma ya ukungu, na mimi nilijua kwamba litakapotua volti zitarudi zote, kama watoto waliotumwa dukani. Lakini mtoto yule hakuwa na subira ya kungoja jua.

Nikatoka mbio. Kwa umri wangu, mbio ni neno la heshima. Kanisani nilimkuta mzee wa kanisa, Mzee Nyamweya, akipanga viti, na Kerubo, kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mawe. Nyuma yake, kwenye chumba cha pembeni, wanakwaya walikuwa wakipiga pasi sare nyeupe kwenye meza, pasi tatu kwa mpigo. Nikawaeleza. Nadhani nilieleza vibaya, maana nilianza na omu.

"Mama Fundi, pole," Kerubo akasema, "lakini kesho tunapokea kwaya ya Marani. Hiyo nguo ni nyeupe, imetoka kwa sanduku. Tukizima saa hii, jua likianguka hatuwezi kugusa pasi tena. Tutasimama mbele ya Marani tukikaa kama watu wametolewa kwa gunia?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mwaka mzima tumefanya mazoezi!"

"Dada yangu, mimi sijui kuimba. Najua kuzidisha. Ukiendelea, mtoto wa Bosibori ana nusu ya moto. Mkizima nyote, ana moto mzima. Hesabu ni hiyo tu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sikumlaumu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameishika sare kifuani, nusu yake imenyooka na kung'aa, nusu yake imejaa makunyanzi, na machozi yalikuwa yamemjaa. Akauliza, "Ni yule mdogo bibi yake anambeba?" Nikasema ni yeye. Akageuka, akazichomoa pasi zote tatu kwa mkono mmoja.

Mzee Nyamweya alikwisha toa simu, anarekodi sauti kwa kundi la kanisa. "Ndugu zangu, zimeni pasi. Zimeni birika, zimeni kila kitu. Iko mtoto zahanati anahitaji hiyo stima. Kesho tukuje vile tuko. Mungu hajawahi kuuliza mtu pasi." Kisha, akijua wapo wasiofungua simu, akatoka akaligonga lile rimu la lori linalotumika kama kengele, akaligonga bila kipimo, na watu wakatokea kwenye ukungu wakiuliza nani amekufa.

"Hakuna mtu amekufa!" Kerubo akapaza sauti, na sauti ile, nawaambia, ilifika mabondeni. "Zimeni pasi!"

Nikarudi kwenye stuli yangu. Mia moja themanini na tano. Nikakaa nikiitazama mita. Mia moja na tisini na mbili. Kwa muda haikutikisika, na nikamchukia kila mtu wa mlima ule. Kisha mia mbili na nne. Mia mbili na kumi na tano. Katika maisha yangu nimesoma mita nyingi, lakini sikuwahi kusoma watu. Kila volti mbili tatu zilizopanda, nilijua ni mlango fulani ndani ya ukungu, ni mama fulani aliyesimama na kaptula ya mwanawe imekunjamana mkononi, akasema basi. Balbu ikarudi nyeupe. Hita ikabadilisha mlio. Mia mbili thelathini na sita, na ampea zikakaribia nne. Nilikuwa nikilia waziwazi na Sista Atieno akaniambia niende nilie nje, chumba kisipate unyevu.

Nilizidisha mara moja tu, kwa sauti, ili bibi asikie. Zaidi ya wati mia tisa. Hakuelewa neno, lakini akaitikia, "Amina."

Usiku huo nilikaa kwa Mzee Nyamweya. Asubuhi, kwa mara ya kwanza maishani, niliingia kanisa la Wasabato. Marani walikuwa wamefika kwa miguu kupitia upande usioporomoka, wamevaa buluu, wamenyooka mpaka mikunjo ya suruali ingekata mkate. Upande wa Manga ulikuwa mlima wa makunyanzi. Wanaume wenye mashati kama majani ya migomba baada ya mvua ya mawe, watoto wenye kola zilizokunjika, akina mama wanaovuta sketi chini na bado hazilali. Hakuna aliyewaeleza wageni chochote. Niliona Marani wakinong'onezana.

Kerubo akasimama mbele na kwaya yake. Sare yake ilikuwa ileile, nusu imenyooka, nusu imekunjamana. Akainua mkono, wakaanza kuimba, na walikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza wakati mtoto alipolia upande wa pili wa ua. Si kilio kikubwa. Kilikuwa chembamba, chenye hasira, cha mtu anayedai maziwa yake na hataki kungoja.

Kerubo akaushusha mkono. Kwaya ikanyamaza, kanisa lote likanyamaza, na Marani nao, bila kujua kwa nini, wakanyamaza. Tukakaa hivyo na nguo zetu mbaya, tukimsikiliza akilia.